Minana wanabomoa viota vyao wenyewe, na katika kiota namba 9 kuna kinda mwenye mdomo mwekundu

Mkulima wa Muheza, 19 Aprili

Wanajukwaa, habari za masika. Naishi Muheza, mkoani Tanga, katika shamba la michungwa ambalo upande wake wa chini limepakana na mfereji, na juu ya mfereji huo umeinama mkungu mmoja ambao kila mwaka mvua zinapoanza hujaa minana, wale ndege wa manjano wenye kichwa cheusi ambao baadhi yenu mnawaita kwera. Miaka yote nimekuwa nikiwasikia tu kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Mwaka huu goti limenizuia kufanya kazi za shamba, kwa hiyo nimeweka kiti kibarazani, nimeazima darubini ya shemeji yangu, na kila ninachokiona nakiandika katika daftari.

Pete ya kwanza ya majani niliiona tarehe 17 Machi, siku ya tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza. Hadi leo nimehesabu viota 43 vilivyoanzwa, na vyote nimevipa namba kwa kuuchora mkungu mzima katika kurasa mbili zinazotazamana. Kati ya hivyo, 16 havipo tena, na si upepo ulioviangusha. Nimemwona kwa macho yangu dume akitua juu ya kiota alichokijenga mwenyewe, akakifumua uzi mmoja mmoja na kuudondosha mferejini mpaka kikabaki kijiti kitupu, na kesho yake akaanza kusuka kingine pale pale. Katika 27 vilivyobaki, ni 14 tu vyenye majike. Mama watoto anasema ndege hawa wamelogwa. Mimi nataka kujua kama ni ugonjwa, ni ugomvi, au ndiyo kawaida yao.

Jambo la pili ni mayai. Viota vya matawi ya chini vinafikika kwa kioo cha kunyolea nilichokifunga kwenye ncha ya mwanzi, kwa kuwa mlango wa kiota cha mnana umetazama chini. Kiota namba 4 kina mayai ya buluu yasiyo na doa hata moja, namba 6 kina mayai meupe yenye madoadoa ya kahawia, na namba 11 kina mayai ya kijani hafifu yenye madoa makubwa upande mmoja. Majike wote nawaona ni wale wale, wa rangi ya majani makavu. Je, kuna aina tatu za ndege katika mti mmoja?

Jambo la tatu ndilo linaloninyima raha. Katika kiota namba 9 niliandika mayai matatu tarehe 25 Machi. Sasa kuna kinda mmoja tu, mnene kuliko makinda wa viota vingine, na mdomo wake ni mwekundu kama pilipili iliyoiva. Mama anamlisha kutwa nzima bila kupumzika. Kijana wangu anasema huyo ni mwizi na atolewe leo hii. Nimtoe au nimwache?

Mwalimu Mstaafu, 19 Aprili

Mwanangu, pole kwa goti. Nitajibu swali la kwanza peke yake, kwa sababu ndilo nililoishi nalo. Nilifundisha kwa miaka mingi wilayani Kilosa, na nyuma ya darasa letu kulikuwa na mgunga wenye minana wengi kiasi kwamba kipindi cha hesabu cha asubuhi kilikuwa hakisikiki.

Ndege wako hawajalogwa wala hawaumwi. Kwa mnana, mjenzi ni dume, na anachokijenga ni posa. Mtazame anapochuma malighafi: huushika ukingo wa ukuti wa mnazi au jani la tete kwa mdomo, hulikata kidogo karibu na shina, kisha huruka huku ameling'ang'ania, na mruko huo ndio unaochana uzi mrefu. Uzi huo anaupitisha, anaukunja, anaurudisha upande wa pili na kuukaza, mpaka apate pete anayoweza kusimama ndani yake. Pete hiyo ndiyo kipimo chake cha nyumba yote. Akiwa amesimama humo humo bila kugeuka, husuka chumba cha mayai mbele yake kwa umbali unaofikiwa na mdomo wake, huweka dari, kisha husuka ukumbi wa kuingilia. Dume hodari anaweza kumaliza kazi hiyo katika muda wa siku moja au mbili. Kijana anayeanza hutoa kitu kama kikapu kilichokanyagwa na ng'ombe, na itampasa afanye mazoezi kwa msimu mzima kabla jike hajamtazama.

Kiota kikishakamilika, dume huning'inia chini ya mlango, kichwa chini, akipigapiga mbawa ili manjano ya upande wa ndani yaonekane, huku akipayuka. Jike huja, huingia, na utamwona akizivuta nyuzi kwa mdomo kama mama anayekagua ukili sokoni. Asiporidhika huondoka bila kuaga. Akiridhika hubaki, na kuanzia hapo yeye ndiye huleta manyoya na mashuke laini ya nyasi ya kutandika ndani, naye dume huongeza bomba fupi mlangoni.

Sasa, kwa nini anabomoa? Uzi wa kijani hupindika, lakini uzi mkavu huvunjika. Kiota hicho kinatakiwa kibebe mayai kwa siku kama 12, kisha makinda kwa takriban wiki tatu, na mvua yote ya masika ikikipiga, kwa hiyo jike hukipenda kikiwa bado kibichi. Kikikaa karibu wiki moja bila mwenyeji, hugeuka kahawia, na hakuna tena jike wa kukitaka. Wakati huo huo vijiti vizuri vya kutundikia vina idadi yake, kwa hiyo dume hufumua cha zamani ili apate mahali pa kipya. Wanazuolojia Nicholas Collias na mkewe Elsie, waliowachunguza ndege hawa kwa miaka mingi, waliliandika jambo hili la jike kupendelea kiota kibichi, na wanafunzi wangu waliligundua wenyewe kwa kuhesabu vidole.

Lipekue daftari lako. Kama uliandika rangi ya viota, utaona jibu limo humo tayari.

Bint wa Kilifi, 20 Aprili

Kaka, shikamoo kwa Mwalimu kwanza, maana nimesoma maelezo yake mara mbili.

Mimi niko Kilifi, na nataka uangalie jambo ambalo hukulitaja. Tazama matawi yaliyo karibu na viota: bila shaka yamenyonyolewa majani mpaka yanaonekana kama yamebabuliwa na moto. Hiyo ni kazi ya minana wenyewe. Kwenye tawi tupu nyoka hana pa kujificha, na kiota kilichotundikwa kwenye ncha nyembamba juu ya maji hakifikiki kwa urahisi. Nyoka wa kijani wa mitini bado hufika, na huyo nakuomba usimkaribie kwa mwanzi wako wala kwa kitu kingine, kwa sababu yupo mmoja katika kundi hilo ambaye sumu yake huzuia damu kuganda. Wakati mwingine huwa ni yule mla mayai tu, ambaye hana meno ya maana: humeza yai zima na kulipasua kwa mifupa ya shingo, kisha hulitema ganda. Pia kuna ndege mkubwa wa kijivu wa jamii ya mwewe, mwenye uso mtupu wa manjano unaogeuka mwekundu akihamaki, ambaye vifundo vya miguu yake hukunjika mbele na nyuma. Hujitundika chini ya kiota, huingiza mguu mzima mlangoni na kupapasa ndani kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. Nilipomwona mara ya kwanza nililia, sioni haya kusema.

Lakini kwetu pwani, adui mkubwa ni kunguru. Namaanisha yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asafishe takataka za mji, kisha akavuka bara na kuenea mwambao wote. Huyu hachagui. Hurarua kiota ubavuni, hula mayai, hula makinda, na huja kesho yake na wenzake. Mtaa wenye kunguru wengi utakuta minana wamehama, na mti walioutumia kwa miaka unanyamaza kimya. Kama Muheza bado hamjawa na wengi, mnapaswa kushukuru, na msiwatupie mabaki ya chakula uani.

Kuhusu binadamu, nitataja moja tu. Nyumba moja ya wageni niliyofanyia kazi ilikuwa na mnazi uliojaa viota, na kwa sababu kinyesi kilichafua magari, mkuu wa kazi aliamuru makuti yote yenye viota yakatwe mchana mmoja wa Mei. Tuliokota makinda kwenye karai. Wengi walikuwa bado hawajaota manyoya, na hakuna aliyefika asubuhi. Magari yangeweza kuegeshwa upande wa pili wa ua kwa mwezi mmoja, basi.

Mwisho, kwa kuwa mna watoto hapo nyumbani: ile habari kwamba kinda akiguswa na mkono wa mtu mama yake humkataa si kweli. Kinda asiye na manyoya akianguka, mrudisheni kiotani mwake kama kinafikika. Mwenye manyoya anayerukaruka chini hajapotea, yuko katika mafunzo, kwa hiyo mwekeni kwenye tawi lililo karibu na mfunge paka.

Mtafiti wa Nyikani, 20 Aprili

Swali la pili na la tatu la Mkulima ni swali moja, na ndiyo maana limenifurahisha.

Huyo kinda mwenye mdomo mwekundu ni mtoto wa kekeo. Ni yule kekeo mdogo ambaye dume wake ana mgongo wa kijani unaong'aa kama shaba iliyosuguliwa, tumbo jeupe, na mduara mwekundu machoni, naye hulia kwa sauti inayopanda, di-di-di-diderik, sauti ambayo ndiyo iliyompa jina katika lugha nyingine. Sehemu nyingi huja na mvua, na bila shaka umemsikia juu ya miembe bila kujua ni nani. Kekeo huyu hajengi kiota maishani mwake. Jike lake huvizia mpaka mwenye kiota atoke, huingia kwa haraka, huondoa yai moja la mwenyeji na kuacha la kwake. Ndiyo sababu ulihesabu matatu: hesabu ilikuwa sahihi, lakini moja halikuwa la mnana.

Kinachofuata si cha kupendeza, ila tukiangalie kama kilivyo. Yai la kekeo huwahi kuanguliwa, mara nyingi kabla ya mengine. Kinda huyo, akiwa bado uchi na macho hayajafunguka, huingiza mgongo chini ya kila kitu kinachomgusa, yai au kinda mwenzake, hujikaza kwa miguu dhidi ya ukuta wa kiota na kukisukuma mpaka kidondoke mlangoni. Hakuna anayemfundisha. Katika siku chache hubaki peke yake, na chakula kilichokusudiwa watatu humwingia yeye.

Sasa turudi kwenye rangi za mayai. Mkungu wako hauna aina tatu za ndege. Wote ni minana wale wale. Kila jike wa mnana ana rangi yake ya yai, ambayo haibadiliki katika maisha yake: mwenye buluu tupu atataga buluu tupu mwaka huu na mwaka kesho, na mwenye madoa atataga ya madoa. Jirani yake kwenye tawi lile lile anaweza kuwa tofauti kabisa. Fikiria kanga: kila mmoja ana yake, na mtu akikuletea isiyo yako kutoka kwenye kamba unaijua kabla hujaikunjua. Jike wa mnana akikuta yai lisilofanana na ya kwake, hulitoboa au kulitupa nje. Kekeo naye hutaga mayai yanayokaribia rangi za mayai ya wenyeji wake, lakini jike mmoja wa kekeo hawezi kubadili rangi ya yai lake kama mtu anavyobadili shati. Akiingia kwenye kiota cha mayai ya buluu na yai lake lina madoa, amepoteza yai. Kadiri majike wa minana wanavyotofautiana wao kwa wao, ndivyo kekeo anavyozidi kubahatisha. Katika kiota namba 9 alibahatisha, akapata.

Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili kutoka mbali. Minana walipelekwa na watu hadi kisiwa cha Hispaniola katika Karibi zaidi ya miaka 200 iliyopita, na Mauritius zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kote kuwili hakuna kekeo huyu. Mwanabiolojia David Lahti alipoyalinganisha mayai yao na ya Afrika, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, alikuta kwamba kule visiwani mayai ya majike mbalimbali yamepungua kutofautiana, na mayai ya jike mmoja hayafanani tena kwa usahihi ule wa huku kwetu. Adui alipoondoka, alama zilianza kufifia.

Kwa hiyo, kumtoa au kumwacha? Ushauri wangu ni umwache. Ukimtoa leo, makinda wa mnana waliokwisha kudondoshwa hawarudi, jike amepoteza wiki zake tayari, na wewe utakuwa umeua ndege wa porini ambaye akikua atakula viwavi, wakiwemo wale wenye manyoya ambao ndege wengi hawawagusi. Mwambie kijana wako kwamba mnana si mnyonge katika vita hii. Mayai ya rangi tofauti katika viota 14 juu ya mfereji wako ndiyo silaha yake, na kwa kiota kimoja kati ya 14, anaelekea kushinda.

Ombi moja: andika tarehe atakayotoka, na siku ambazo mama ataendelea kumlisha nje. Kumbukumbu za namna hiyo kutoka mashambani kwetu ni chache mno.

Mswahili wa Leicester, 21 Aprili

Nami niongeze kidogo kutoka Uingereza, ambako majira haya ndiyo ya kuchipua na bustani zimejaa harakati. Nimetundika sanduku la mbao ukutani, lenye tundu la milimita 25, na humo amejenga ndege mdogo mwenye kofia ya buluu na kifua cha manjano ambaye wenyeji humwita blue tit. Anataga yai moja kila asubuhi, na wengi hufikisha manane, kumi, au hata zaidi, wakati minana wenu wanaridhika na mawili au matatu. Uzazi wote huo ameupanga ili makinda wawe na njaa kali zaidi wiki ile ile viwavi wanapojaa kwenye mialoni.

Ninachotaka kukisema kinahusu kile kioo chako, bwana Mkulima. Hapa watu wa kawaida wamekuwa wakiandika habari za viota kwa ajili ya taasisi ya British Trust for Ornithology tangu mwaka 1939, na katika miongozo yao kuna jambo ambalo nililipuuza nikajuta. Makinda wanapokaribia kutoka, usichungulie tena. Wakati huo wakishtuka huruka nje wote kabla mbawa hazijakomaa, na ukiwarudisha wanaruka tena. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua kifuniko siku ya 16 kwa sababu mgeni alitaka kupiga picha. Saba walitoka kwa mpigo. Wawili niliwakuta kwa paka wa jirani kabla ya jua kuzama.

Kwa minana wako, ningesema kinda akishaota manyoya mbawani, kioo kirudi chooni na darubini ibaki kibarazani. Usichungulie wakati wa mvua wala jioni, maana jike akitishwa wakati huo makinda hupoa. Kwetu sheria ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota cha ndege wa porini kinachotumika au kinachojengwa, lakini hakuna sheria inayoweza kumzuia mtu mwenye upendo na kiherehere kama nilivyokuwa mimi.

Mkulima wa Muheza, 27 Aprili

Nawashukuru nyote, na Mwalimu shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nilete majibu, si shukrani tupu.

Kwanza daftari. Kwa bahati nilikuwa nikiandika rangi, ingawa sikujua kwa nini. Katika viota 16 vilivyofumuliwa, 13 nilikuwa nimeviandika "kahawia" siku moja au mbili kabla. Viwili vilifumuliwa vikiwa bado kijani, na nilipoyasoma maandishi yangu upya nikakuta kwamba mfumuaji hakuwa mwenye kiota bali dume wa jirani, aliyekuja mwenyewe akiwa hayupo, akachomoa nyuzi na kwenda kusukia cha kwake. Kumbe niliyaandika haya kwa mkono wangu bila kuyaelewa. Kimoja sina maelezo yake, na nimekiacha hivyo.

Mnazi wangu mdogo ulio kando ya banda la mbuzi umebaki chelewa tupu upande unaotazama mfereji. Jirani aliniuliza kama umeugua.

Kioo nilikiondoa siku ile ile niliyosoma habari za paka wa Leicester. Hata hivyo siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimechungulia namba 11 mara moja zaidi, saa kumi na moja jioni, na jike alitoka akakaa juu ya waya kwa muda mrefu mvua ikimnyeshea. Alirudi, lakini sikujisikia vizuri.

Kinda wa namba 9 alitoka tarehe 24, saa mbili kasoro asubuhi. Hakuruka kwa maana ya kuruka. Alitoa kichwa mlangoni akabaki amening'inia kama popo, mdomo ule mwekundu wazi, akajipigapiga mara tatu na kuangukia mchungwa ulio chini ya kibaraza, hatua kama nane kutoka kitini pangu. Mgongo wake una michirizi ya kijani na hudhurungi, kifua cheupe kina madoa. Alilia bila kukoma. Mama yake wa kambo, niruhusuni nimwite hivyo, alikuja na panzi, akatua tawi la juu, akainama akamtia kinywani. Amekaribia kuwa mkubwa kama yeye, na kila akimlisha tawi lilikuwa linatikisika. Kijana wangu, yule aliyetaka kumtoa, alikaa nami siku nzima na ndiye aliyehesabu: mara 31 kati ya saa tatu na saa sita.

Dume wa kekeo pia nimemtambua. Yuko kwenye mwembe wa nyuma, analia kila alfajiri, na kwa miaka yote nilidhani ni kurumbiza.

Mwalimu Mstaafu, 27 Aprili

Marahaba mwanangu. Hicho kiota kisicho na maelezo kiache hivyo hivyo, usikitafutie sababu ya kukisingizia. Na huyo kijana mpe daftari lake mwenyewe, maana wawili wakiandika katika moja, mmoja huacha kutazama.

Bint wa Kilifi, 28 Aprili

Mara 31! Namwonea huruma huyo mama hadi nimesahau kumchukia kekeo. Kaka, uangalie kama mnana wengine wasio mama yake watamlisha, kwa sababu huku kwetu niliwahi kuona kinda wa namna hiyo akimlilia kila ndege aliyepita.

Mkulima wa Muheza, 10 Mei

Majibu ya mwisho kwa sasa, kwa kuwa goti limepona na magugu hayanisubiri.

Katika viota 14 vya mwanzo, tisa vimetoa makinda wa mnana, jumla 19 niliowaona kwa macho wakiwa nje. Kimoja kimetoa kekeo. Viwili viliraruliwa ubavuni tarehe 2, na nilimwona mwenye shingo ya kijivu akiondoka na kitu mdomoni, kwa hiyo dada wa Kilifi, wameshafika. Kimoja kilianguka na kijiti chake usiku wa radi, na kijana alimpata kinda mmoja hai majanini. Kiota chake kilikuwa kimelowa na kusambaratika, basi tulimweka katika kikapu kidogo cha ukili tulichokifunga kwenye tawi lile lile, tukiwa hatuna tumaini kubwa. Jike alikizunguka asubuhi yote. Saa tano alitua ukingoni, akatazama ndani, akaondoka, akarudi na kiwavi. Alimlea humo siku sita mpaka akatoka. Cha mwisho, namba 11, jike alikiacha na mayai yake ndani. Sijui kama ni mimi na kioo changu, lakini nimeandika tarehe zote mbili karibu karibu ili nizione.

Kinda wa kekeo alilishwa nje kwa siku 13 nilizoweza kuziona, mara nyingi na jike wa namba 9, na mara mbili na jike mwingine ambaye kijana anaapa ni wa namba 6. Kuanzia tarehe 7 hatujamsikia.

Leo asubuhi dume mwenye sehemu hiyo amekifumua kiota namba 9, kikavu na kichafu kama kilivyokuwa, na ilipofika saa nne alikuwa amesimama ndani ya pete mpya ya kijani pale pale. Nimeipa namba 58.